Kila Spana na Kitanda Chake

Mwenye kukaa Karatu hana haja ya kuelezwa kazi ya fundi wa magari, kwa maana mji wetu umekaa njiani. Magari yapandayo Ngorongoro hupita hapa alfajiri, na jioni hurudi yamefunikwa vumbi jekundu, mengine yakivutwa kwa kamba. Lakini leo sitaki kusimulia habari za magari, bali habari za spana moja, namba 14, na za kijana aliyedhaniwa kuwa mwizi kwa ajili yake.

Kijana huyu nalimfundisha kusoma alipokuwa mdogo. Alipomaliza shule aliingia katika karakana moja, ambayo jina lake silitaji, awe mwanagenzi. Jioni moja fundi mkubwa alihesabu vyombo vyake, akakuta spana namba 14 haipo. Ikatafutwa chini ya meza, na katika mifuko, na hata ndani ya pipa la takataka, haikuonekana. Na kijana huyo ndiye aliyeonekana nayo mara ya mwisho. Hakupigwa wala hakufukuzwa, ila alikatwa mshahara wake, na neno likabaki hewani, neno ambalo hakuna aliyelisema mbele yake. Mama yake aliniambia ya kuwa kwa siku nyingi kijana alikuwa akirudi nyumbani na kulala bila kula. Hata wiki ya tatu, gari moja lililokuwa likienda kreta lilirudi kubadilishwa oili. Likainuliwa kwa jeki, na fundi mkubwa alipojilaza chini yake akaiona spana yake mwenyewe, imelala juu ya ukingo wa fremu karibu na giaboksi, imegandamana na vumbi na grisi. Ilikuwa imeshuka kretani na kupanda tena mara sijui ngapi, wala haikuanguka. Kijana alirudishiwa fedha zake. Lakini lile neno, nani awezaye kulirudisha?

Fundi huyo ni mtu wa haki, na jambo hili lilimwuma. Mwezi uliofuata alimwendea seremala akaagiza kabati lenye watoto wa meza sita, yaani droo, na ndani ya kila droo akatandika mpira mwepesi wa povu, uliokatwa matundu kwa umbo la kila chombo. Nalikwenda kulitazama, kisha nikarudi mara ya pili na daftari, kwa kuwa naliona jambo hili lawafaa wengi, hasa ninyi walimu mlio na vyumba vya ufundi, na wazazi ambao watoto wao wamekwenda kujifunza kazi za mikono.

Wale waliowahi kupiga tarumbeta katika bendi za kanisa wamekwisha kuona kitu kama hiki. Fungua sanduku la tarumbeta, nawe utaona ndani yake pamechongwa mahali pa shingo, mahali pa mdomo, na mahali pa kipande kidogo cha kupulizia, vyote vimefunikwa kitambaa laini. Kipande cha kupulizia kikiachwa kanisani, huna haja ya kukikumbuka. Tundu lake lakuambia kabla hujafunga kifuniko. Droo ya fundi yule ni vivyo hivyo. Kila spana ina kitanda chake, na imelala ndani yake hata nusu ya unene wake, haitikisiki. Mpira wa juu ni mweusi, na chini yake ameweka tabaka la pili jekundu. Spana zote zikiwamo waona weusi na chuma tu. Moja ikitoka, waona umbo lake kwa rangi nyekundu, namba yake imeandikwa ndani. Twasema debe tupu haliachi kuvuma. Basi na tundu tupu nalo huvuma.

Faida hii ndiyo iliyo kubwa kwangu. Droo ya zamani, yenye vyombo vilivyorundikana, hukaa kimya hata kikipotea kimoja. Na kwa kuwa hukaa kimya, kupotea hujulikana siku ya pili au ya tatu, gari limekwisha kwenda, na wote waliokuwapo huangaliana kwa jicho la pembeni. Droo ya vitanda husema saa ile ile, gari lingali juu ya jeki na watu wote wangali hapo. Kitu kikitafutwa ndani ya saa moja huitwa kimesahauliwa. Kikitafutwa baada ya juma huitwa kimeibwa.

Faida ya pili ni ya njia zetu. Lami ilifika lango la Loduare mwanzoni mwa miaka ya 2000, na vijana wa leo hawajui vumbi tulilolimeza kutoka Makuyuni hata hapa. Lakini ukipita lango, ukaendelea juu ya ukingo kuelekea Serengeti, sehemu kubwa ya njia ni udongo na changarawe, yenye mawimbi kama ya bati la kuezekea. Hifadhi hiyo iliyotengwa mwaka 1959 ina eneo la kilomita za mraba 8,292, na gari likiharibika huko msaada hauko karibu. Kreta yenyewe imezungukwa na kuta za kimo cha mita 600 hivi, na magari yanayoshuka humo ni yale tu yavutayo kwa magurudumu yote manne. Dereva mwenye busara huchukua sanduku la vyombo. Sasa fikiri: spana, tupa, tindo na bisibisi zinagongana ndani ya sanduku la bati kutwa nzima. Meno ya tupa hulika, makali ya tindo hupoteza ncha, na rangi ng'avu ya spana huchubuka, kutu ikapata mlango. Vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi ya valvu hupindika, na kibati kilichopindika hudanganya, nayo ni hasara kuliko kutokuwa nacho kabisa. Chombo kilicholala katika mpira hakigongani na mwenziwe.

Tena liko jambo la vipimo, ambalo wanagenzi huteswa nalo. Magari mengi ya safari huku kwetu ni Toyota Land Cruiser, na boliti zake nyingi hutaka namba 10, 12, 14 na 17, zihesabiwazo kwa milimeta. Lakini bado zipo Land Rover za kale ambazo nati zake zilipimwa kwa inchi. Nusu inchi ni milimeta 12.7, namba 12 haiingii, na namba 13 huingia kwa kulegea kidogo. Mwanagenzi mwenye haraka huichukua ile 13, akavuta kwa nguvu, na pembe za nati zikavilingika zisishikike tena. Fundi wetu ameweka spana za inchi katika droo yake peke yake, yenye tabaka la chini la rangi ya manjano. Spana ya inchi ikilazwa katika droo nyekundu haikai vema, na mkono wenyewe wasikia.

Sasa nieleze mpira wenyewe, kwa maana hapa ndipo wengi hukosea, na fundi yetu naye alikosea mara ya kwanza. Alikata godoro kuukuu.

Sponji ya godoro, kama yale magodoro yatengenezwayo Arusha na Tanfoam, ni poliyurethani. Asili ya elimu yake ni kazi ya Mjerumani Otto Bayer na wenzake, waliyoifanya Leverkusen mwaka 1937. Maji maji ya namna mbili huchanganywa pamoja na maji kidogo, yakazaa hewa ya kaboni ndani yake, na uji ule ukafura kama unga wa maandazi uliotiwa hamira, kisha ukakauka ukiwa umejaa vyumba vidogo. Katika sponji ya kulalia vyumba hivyo vina milango; hewa hupita toka kimoja hata kingine, ndiyo maana hubonyea mtu akilala na kuinuka akiondoka. Ni njema kwa mgongo wa mtu, bali kwa chuma ni adui. Hunywa maji, hunywa oili, na kuyatunza. Wakati wa ukungu, ambao juu ya ukingo wa Ngorongoro ni jambo la kila siku katika miezi ya mvua, sponji hukaa na unyevu siku nyingi, na spana iliyolala humo hupata kutu upande wa chini usioonekana. Fundi alizitoa zake baada ya masika moja, akakuta zimepigwa madoa mekundu.

Mpira ufaao ni ule ambao vyumba vyake vimefungwa. Huhitaji kujua jina lake la kiwandani. Chukua kipande, kibane kwenye midomo yako, upulize. Pumzi ikipita upande wa pili, ni sponji ya godoro, iache. Pumzi ikigoma, umepata. Mpira wa namna hii ndio wa malapa, na ndio wa ile mikeka myepesi ambayo wapiga kambi huitandika chini ya mifuko yao ya kulalia. Mikeka kuukuu ya namna hiyo hupatikana mahali ambapo wageni hupiga kambi, na fundi wetu alipata mitano. Lakini jihadhari na lile povu jeupe gumu livunjikalo punje punje, ambalo hukaa ndani ya maboksi ya televisheni. Tone la petroli huliyeyusha, na gundi ya washona viatu huliyeyusha pia.

Kazi ya kukata si ngumu, ila yataka subira, na sehemu kubwa ya subira ni kabla ya kisu. Pima ndani ya droo, si nje. Kata mpira mkubwa kuliko kipimo kwa milimeta mbili au tatu, ili ubanwe na kuta za droo usitembee. Kisha uweke juu ya meza, upange vyombo vyako juu yake, usikate kitu siku hiyo. Acha vimelala hivyo, ufanye kazi yako ya siku mbili, ukivichukua na kuvirudisha hapo hapo. Utaona mwenyewe kwamba koleo imekaa mbali nawe, wala hupendi kuipita tupa ili uifikie. Fundi wetu alipanga mara tatu. Vitumikavyo sana huja mbele, vizito hukaa droo ya chini ili kabati lisianguke likifunguliwa, na spana hupangwa kwa ukubwa, vichwa vyote upande mmoja. Kati ya chombo na chombo acha nafasi ya upana wa kidole. Ukiacha chini ya hapo ukuta wa mpira hukatika upesi. Na upime kimo pia: nalisikia habari za mtu aliyemaliza kazi nzuri ya siku nzima, kisha droo ikagoma kufunga kwa sababu ya kichwa cha nyundo.

Baada ya hayo chora. Shika kalamu wima, kwa maana ikilala mstari hutoka nje ya umbo na tundu huwa pana. Kata ndani ya mstari kwa milimeta moja, ili mpira ukishike chombo kwa kukibana. Kisu na kiwe chembamba na kirefu, chenye wembe mpya. Wembe butu hurarua, na ukingo ukawa kama umetafunwa na panya. Vuta mara moja kwa urefu, usikate kama msumeno. Mahali palipopinda, kama kichwa cha spana, wengi hupatoboa kwanza kwa bomba la chuma lililonolewa mdomo, kisha huunganisha tundu na tundu kwa kisu. Na usisahau mahali pa vidole. Kila kitanda chahitaji kijitundu cha mviringo ubavuni, mbele ya katikati ya chombo, ili mtu apate kukiinua. Pasipo hicho mwanagenzi atachokonoa kwa bisibisi, na baada ya mwezi kazi yako imekwisha haribika.

Tabaka la juu likiisha kukatwa, libandike juu ya tabaka la chini la rangi nyingine. Ukikosa mpira wa rangi, kipande cha ubao mwembamba uliopakwa rangi chafaa. Gundi ya washona viatu ndiyo bora. Pakaza pande zote mbili, ngoja hata isishike kidole ukiigusa, kisha weka sawasawa mara moja, kwa kuwa ikigusana haiachi tena. Fanya kazi hiyo nje penye upepo, maana mvuke wake hulevya.

Wako wanaokata mpira kwa waya uliopata moto, na kweli hukata safi. Mimi siwashauri, na kwa sponji ya godoro nasema hata kidogo. Moshi wa poliyurethani iunguayo una sumu kali, na chumba kidogo cha karakana hakina pa kuutoa. Kwa sababu iyo hiyo kabati hili lisikae karibu na mahali pa kuchomelea vyuma, cheche zirukapo.

Mzee mmoja wa kazi hiyo, aliyetengeneza Land Rover tangu ujana wake, alilitazama kabati hili na kulikataa. Alisema droo iliyobeba vyombo 40 sasa yabeba 18. Alisema tena, ukinunua chombo kipya utakilaza wapi? Naona maneno yake yana haki. Nafasi hupotea, na mpira uliokatwa haurudi. Kwa misumari, nati na boliti, na vitu vya kununuliwa na kuisha, kopo lenye kifuniko latosha, wala hakuna haja ya kujisumbua. Fundi wetu amejibu shauri la pili kwa kuacha pembe moja ya kila droo bila kukatwa. Shauri la kwanza hakulijibu, aliongeza kabati.

Bali mtu asidhani ya kuwa mpira utafanya kazi ya mlinzi. Katika karakana za ndege vyombo huhesabiwa kwa sharti kali, kwa sababu bisibisi iliyosahauliwa ndani ya injini yaweza kuua watu. Hata hivyo mwezi wa Desemba 2023, huko Los Angeles, chombo cha nailoni chenye urefu wa mita 1.25 kilisahauliwa ndani ya injini ya ndege kubwa ya Qantas ya namna ya Airbus A380. Ndege hiyo iliruka safari 34, karibu saa 294 angani, kabla chombo hakijaonekana. Wachunguzi wa Australia walipotoa taarifa yao mwaka 2024 walieleza kwamba utaratibu wa kutafuta chombo kilichopotea haukuanzwa kabla ndege haijaruhusiwa kuondoka. Yaani chombo hakikuwapo mahali pake, na ndege ikaenda.

Kwa hiyo katika karakana ile kuna sheria moja tu, imeandikwa kwa chaki juu ya mlango wa kabati: gari halishuki jeki tundu likiwa tupu. Kila jioni mwanagenzi hufungua droo sita, akatazama, akafunga. Nalihesabu kwa saa yangu. Haikuzidi dakika mbili. Vyombo hufutwa kwa kitambaa kikavu kabla ya kulazwa, maana hata mpira uliofungwa vyumba hauipendi oili ya siku nyingi.

Nilipokuwapo mara ya pili, saa kumi na moja jioni, kijana alifungua droo ya tatu akasimama. Kitanda cha namba 14 kilikuwa chekundu. Hakusema neno, alikwenda akasimama mbele ya gari lililokuwa juu ya jeki. Dereva alikuwa na haraka, wageni wake walikuwa wakimngoja hotelini, akaanza kulalamika. Fundi mkubwa akaamuru patafutwe. Wakapita chini ya gari kwa taa, wakaangalia juu ya fremu, karibu na giaboksi, ndani ya bakuli la oili chafu. Robo saa ikapita. Kisha fundi mkubwa akaingiza mkono katika mfuko wa nyuma wa surupwenye lake atoe kitambaa cha kufutia jasho, akatoa spana.

Kijana akaipokea, akaifuta, akailaza.